Maswali ya Wasomaji: Njia Tulivu za Baiskeli Jioni, Dar es Salaam

SWALI: Mhariri, pokea salamu zangu. Mimi ni karani katika ofisi moja Mikocheni na ninaishi Mwenge. Natoka kazini saa 10 na nusu, na mwaka huu nimenunua baiskeli ya mtumba kwa ajili ya mazoezi, kwa kuwa asubuhi nina watoto wa kuandaa na sina nafasi. Nilipoijaribu katika Barabara ya Sam Nujoma na ile ya Bagamoyo nilirudi nikiwa nimechoka kwa hofu kuliko kwa kuendesha, maana daladala hunibana kushoto na bodaboda hupita hata pale nilipodhani ni pangu. Mume wangu anasema Dar es Salaam haina mahali pa kuendesha baiskeli kwa utulivu wakati wa jioni. Naomba mnielekeze kama pako, na kama naweza kurudi nyumbani kabla ya giza. – Msomaji, Mwenge

JIBU: Dada, shemeji yetu ana sababu ya kuwa na shaka, lakini njia tulivu zipo, na nyingine haziko mbali na kwako. Wengi wanaozitafuta hudhani kwamba utulivu uko nje ya mji, kwa hiyo hushika barabara ya kutoka mjini, kumbe jioni barabara hizo ndizo zinazolirudisha jiji zima nyumbani. Kuanzia saa 10 alasiri hadi saa 2 usiku Barabara ya Bagamoyo inapeleka watu Tegeta na Bunju, ya Morogoro inawapeleka Kimara na Mbezi, ya Nyerere inawapeleka Gongo la Mboto na Chanika, na ya Kilwa inawapeleka Mbagala. Vichochoro vinavyounganisha barabara hizo navyo hujaa, kwa sababu hakuna njia ya mkato ambayo dereva wa bodaboda haijui. Unachopaswa kutafuta ni barabara ambayo hakuna anayeihitaji ili afike kwake: ile inayoishia baharini, ile inayozunguka ndani ya eneo la taasisi, au ile inayopita mahali ambapo watu wanafanya kazi lakini hawalali.

Kwa mtu wa Mwenge, jibu la karibu kabisa ni Mlimani, yaani eneo la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Utalazimika kuivumilia Sam Nujoma kwa kipande kifupi, na ushauri wangu ni kwamba kipande hicho ukipite pembeni kwa kuikokota baiskeli pale penye msongamano, bila kuona aibu, kwani anayekokota kwa dakika chache hujiokolea mashaka mengi. Ukishaingia ndani ya eneo la chuo mambo hubadilika: barabara zina miti mikubwa, matuta yanawalazimisha wenye magari kwenda polepole, na mwinuko wa kilima unatosha kukutoa jasho bila kukuhitaji uende mbali. Pitia Ukumbi wa Nkrumah, ule uliochorwa nyuma ya noti ya zamani ya shilingi 500, kisha zunguka mabweni na urudi kwa upande mwingine. Mizunguko miwili au mitatu ya namna hiyo ni mazoezi kamili. Waheshimu walinzi wa getini, wasalimie na ujieleze ukiulizwa, na usiwalishe tumbili hata wakikusogelea, kwa sababu tumbili aliyezoea kupewa chakula hujifunza kunyakua hata mfuko ulioning'inizwa kwenye usukani.

Njia ya pili, ambayo binafsi ndiyo naipenda zaidi, ni rasi ya Msasani. Tazama ramani utaona kwamba kipande hicho cha nchi kimezungukwa na bahari pande tatu, kwa hiyo mtu hapiti Masaki akielekea mahali pengine. Anayeingia huko anakwenda huko huko. Hiyo ndiyo sababu Toure Drive, inayofuata ufuko kutoka Coco Beach kwenda kaskazini hadi ncha ya rasi, hubaki na nafasi jioni za katikati ya wiki wakati barabara nyingine zimeziba. Nimesema katikati ya wiki kwa makusudi. Ijumaa jioni hadi Jumapili, Coco Beach hujaa watu wanaofuata mihogo ya kukaanga, mishikaki na upepo, magari huegeshwa mpaka ukingoni mwa lami, na milango hufunguliwa bila mtu kutazama nyuma. Siku hizo iache kabisa. Kwa kuwa unafanya kazi Mikocheni, ungeweza kwenda na baiskeli kazini na kuanzia safari yako huko huko, ukipita mitaa ya ndani ya Mikocheni na Msasani, badala ya kurudi kwanza Mwenge. Mahali pa kuwa na tahadhari ni pale unapovuka Barabara ya Mwai Kibaki. Vuka kwenye taa, tena kwa miguu.

Ukiwa ufukweni uzingatie upepo. Kuanzia Mei hadi Septemba kusi huvuma kutoka kusini-mashariki, na wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, hutoka kaskazini-mashariki. Anza safari kwa kuukabili upepo, ili wakati wa kurudi, miguu ikiwa imechoka, uwe unakusukuma mgongoni. Msimu wa kusi maana yake ni kuanzia Masaki, kushuka kuelekea Coco Beach, kisha kupanda tena kaskazini. Msimu wa kaskazi geuza.

Njia ya tatu itakushangaza, nayo ni katikati ya mji penyewe, lakini Jumapili peke yake. Posta ni mahali pa ofisi, na ofisi zikifungwa hubaki mitaa mipana yenye kivuli na magari ya kuhesabika. Ukianzia Upanga unaweza kupita Barabara ya Barack Obama kando ya bahari, mbele ya Hospitali ya Ocean Road, kisha ukaingia Shaaban Robert na Samora. Karibu na Ikulu fuata maelekezo ya askari na usisimame kupiga picha. Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa mwaka 2022, linaunganisha upande huo na Coco Beach juu ya maji, na wakimbiaji wengi hulitumia jioni. Njia ya pembeni ni ya waenda kwa miguu, kwa hiyo shuka na uikokote baiskeli, ufurahie mandhari.

Sasa nije kwenye giza. Hapa kwetu jua huzama mapema zaidi mwezi Mei na Juni, saa 12 na robo hivi, na huchelewa zaidi mwishoni mwa Januari na mwanzoni mwa Februari, karibu saa 1 kasoro robo. Baada ya hapo mwanga hautusubiri. Ndani ya dakika 20 hivi ni usiku. Ukitoka kazini saa 10 na nusu na ukaanza kuendesha saa 11 kamili, una zaidi ya saa moja hata katika mwezi ulio mbaya kuliko yote. Weka kanuni kwamba jua linapozama uwe tayari umeelekea nyumbani, si kwamba ndipo unapogeuza. Katika mwezi wa Ramadhani hesabu ni nyingine: nusu saa kabla ya magharibi kila dereva anakimbilia futari na barabara huwa za hatari kuliko kawaida, lakini baada ya adhana mitaa hutulia kwa muda. Mwenye taa nzuri, na anayeijua mitaa yake, anaweza kuutumia muda huo.

Kuhusu kubanwa kushoto, dada, nakuomba uangalie mambo mawili ambayo watu wengi hawafundishwi. La kwanza ni konda wa daladala. Ukiwa nyuma ya daladala usitazame taa zake, kwa maana huenda haziwaki, mtazame konda. Akiinuka mlangoni na kugonga bodi, gari litaingia kushoto kabla hujamaliza kupiga kengele, kwa hiyo punguza mwendo na umwache ashushe. La pili ni tuta. Penye tuta mara nyingi huachwa upenyo mdogo kati ya mwisho wa tuta na mfereji, na bodaboda hukwepa tuta kwa kupita hapo hapo, mahali ambapo na wewe umepanga kupita. Panda tuta kama gari, katikati ya upande wako, baada ya kutazama nyuma. Utatikisika kidogo, lakini utaonekana.

SWALI: Mimi ni kijana wa Gongo la Mboto. Marafiki zangu wanapenda kuendesha baiskeli kwenda Pugu na Kisarawe, na wanasema msitu wa kule ni mtulivu sana jioni. Nikitoka kibaruani saa 11 naweza kuwahi kwenda na kurudi? – Msomaji, Gongo la Mboto

JIBU: Kaka, usiende siku za kazi. Marafiki zako hawakosei kuhusu utulivu: ukishaipita njia panda ya Pugu Kajiungeni na kuacha magari ya Chanika yaende zake, barabara ya Kisarawe hupanda vilima vyenye msitu, hewa hubadilika, na kwa mtu aliyezoea joto la bondeni ni raha kubwa. Lakini kufika hapo ukianza saa 11 ina maana ya kupita katikati ya msafara wa watu wanaorudi nyumbani, pamoja na malori ya ng'ombe yanayohusiana na mnada wa Pugu, na kisha kurudi kwenye mteremko ukiwa gizani, chini ya miti, mahali ambapo dereva anayekuja nyuma hategemei kumkuta mtu wa baiskeli. Barabara tulivu isiyo na mwanga na isiyo na watu haina faida kwa mwendesha baiskeli aliye peke yake, kwani hata pancha ya kawaida inageuka kuwa tatizo la usalama.

Nenda Jumamosi. Ondokeni wawili au watatu saa 9 alasiri, mkiwa na pampu, viraka na gundi, na muwe mmerudi Kajiungeni kabla ya saa 12. Kagueni breki kabla ya kuondoka, hasa ya nyuma, kwa sababu mteremko wa kurudi ni mrefu na mchanga hukusanyika kwenye kona. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, muwe na tahadhari zaidi, kwani shimo lililojaa maji halionekani kina chake. Siku za kazi tafuta mzunguko mfupi katika mitaa ya karibu nawe. Na ukitaka kujua upi unafaa, usianze na simu. Anza na fundi baiskeli wa mtaani, au na muuza mkaa anayesambaza mizigo kwa baiskeli. Huyo hubeba magunia kila siku na hana sababu ya kupita penye kilima, mchanga au magari mengi kama ipo njia nyingine. Mwulize anapita wapi saa 12 jioni, kwa sababu njia iliyo tupu saa 4 asubuhi inaweza kuwa soko zima wakati huo.

SWALI: Je, inafaa kuvuka na baiskeli kwenda Kigamboni jioni? Nakaa Kurasini. – Msomaji, Kurasini

JIBU: Siku za kazi, hapana. Jioni kivuko cha Magogoni kinabeba umati unaorudi Kigamboni, na wewe utakuwa katikati ya umati huo na baiskeli yako. Kwa aliye Kurasini ni afadhali kupita Daraja la Nyerere, lililofunguliwa mwaka 2016, ila fahamu kwamba maghala ya mafuta yako upande huo na malori yake ni marefu: usiwe kushoto mwa lori linalokata kona kushoto, hata kama limesimama. Jumamosi na Jumapili mambo ni tofauti kabisa. Ukishaiacha Mjimwema nyuma na kuelekea Gezaulole, magari hupungua kadiri unavyosonga, na njia nyingi ndogo za kushoto huishia ufukweni, kwa hiyo hazina wapita njia. Punguza upepo kidogo kwenye matairi ukiingia mchangani, na uujaze tena kabla ya kurudi kwenye lami.

SWALI: Taa ya dainamo inatosha, au ninunue ya betri? Baiskeli yangu ni Phoenix ya zamani. – Msomaji, Tabata

JIBU: Mzee wetu, dainamo ya Phoenix ni imara na haihitaji kuchajiwa, lakini ina kasoro moja: kwa kuwa huzungushwa na gurudumu, huzimika unaposimama, na unasimama kwenye makutano, ambapo ndipo unapohitaji kuonekana zaidi. Ibakize mbele, kisha ufunge nyuma taa nyekundu ya betri, hata ile ya bei ndogo, chini ya kiti na si kwenye keria, ambako mzigo utaifunika. Paka rangi nyeupe kwenye madigadi ya nyuma, nayo itasaidia betri ikiisha.