Fremu ya picha iwe pindo, isile mji

Ndugu uliyeuliza namna ya kuweka fremu ya urembo kwenye picha ya harusi bila kufunika watu, mimi nasafisha picha hapa Bagamoyo na kosa hilo limeshanikuta.

Nilipokuwa naanza kazi, nilishusha mtandaoni fremu yenye maua kwenye kona nne, nikaibandika juu ya picha ya ukoo mzima umekaa mkekani. Biharusi alitoka vizuri sana. Mama yake alipoipokea aliisogeza dirishani, akaitazama kimya, kisha akaniuliza, "Mwanangu, mama yangu yuko wapi?" Bibi alikuwa amekaa mwisho wa mkeka, na ua la kona lilikuwa limemmeza uso wote. Nashukuru picha halisi ilikuwa bado kwenye kadi. Niliirudia usiku uleule.

Tangu hapo fremu naiona kama kanga. Kanga ina pindo ukingoni na ina mji katikati, na kila kimoja kina pahala pake. Kwa hiyo fremu itafutie nafasi nje ya picha, usiilaze juu yake.

Natumia GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha. Fungua nakala, siyo picha halisi. Ikate iwe na uwiano wa 3 kwa 2. Picha nyingi za simu hutoka 4 kwa 3, basi hapo ndipo pa kuangalia nani yuko karibu na ukingo unaokatwa. Ipunguze iwe pikseli 1800 kwa 1200, yaani inchi 6 kwa 4 ukisafisha kwa pikseli 300 kila inchi. Kisha ingia "Canvas Size", yaani ukubwa wa eneo la kazi, achanisha kile kimnyororo cha upana na urefu, andika 2100 kwa 1500, bonyeza "Center". Umepata nusu inchi kila upande, na jumla ni 7 kwa 5 kamili. Usipunguze nusu inchi hiyo. Mashine ya kusafishia huweza kula milimita kadhaa za ukingo, na fremu nyembamba hutoka upande mmoja mnene, mwingine haupo.

Kwa urembo, mimi hupiga picha kanga ya mwenye shughuli. Ipige pasi, itandaze kivulini, piga kutoka juu wima kabisa. Kanga ina kama mita moja na nusu kwa mita moja, kwa hiyo ukiiweka leya ya chini, yaani tabaka lililo chini ya picha, na kuifikisha 2100 kwa 1500 haipotoki sana. Picha inakaa juu ya mji, pindo linabaki kuizunguka. Kati yao acha mstari mweupe wa pikseli 10, la sivyo nakshi za pindo zinagombana na nguo za watu. Jina la kanga litafichika. Wakilitaka, likate uliweke leya yake kwenye pindo la chini.

Ya kusafisha itoe JPEG, lakini kazi yenyewe ihifadhi XCF, faili la GIMP lenyewe, leya zikiwa hai. Akija mama wa bwana harusi naye na kanga yake, unabadilisha leya moja tu.