Motisha ya watumishi: lipia huduma, usilipie karatasi

Fedha za kwanza za RBF, yaani malipo ambayo kituo hupata kulingana na matokeo ya huduma zake, zilipoingia kwenye akaunti ya kituo chetu cha afya, mimi ndiye niliyekuwa mganga mfawidhi. Tulijifungia ofisini, mimi na mhasibu, tukagawa sehemu ya watumishi kwa ngazi za mshahara. Dada yetu mhudumu wa afya, anayeosha vifaa vya kuzalishia na kufua mashuka ya damu, akaambulia kidogo kuliko wote. Hakusema neno. Ila tangu wiki ile, saa tisa na nusu alasiri ilikuwa ikimkuta getini, hata kama leba kuna mama.

La pili linaniuma mpaka leo. Patografu, ile karatasi ya kufuatilia uchungu wa mama hatua kwa hatua, zilikuwa zinaingia kwenye alama zinazoamua fedha za kituo. Siku moja nikafungua faili la mama mmoja. MTUHA namba 12, kitabu cha kuandikia wanaojifungua, inasema alifika saa nane usiku na kujifungua saa nane na nusu. Patografu yake ina vipimo vya muda wa saa nne mfululizo, mapigo ya moyo wa mtoto 140 mwanzo hadi mwisho, wino uleule, mwandiko uleule. Ilijazwa asubuhi, mtoto ameshaanza kunyonya. Muuguzi aliyeijaza si mtu mbaya. Alikuwa peke yake zamu nzima, na alijua karatasi tupu itawakosesha wenzake fedha.

Sisemi motisha haifai. Majaribio ya motisha ya aina hii mkoani Pwani, yaliyoanza 2011, yaliongeza akina mama waliojifungulia vituoni kwa takriban pointi 8 za asilimia, na wajawazito waliopata dozi mbili za kinga ya malaria wakaongezeka pia. Lakini huduma nyingine zilizolengwa nyingi hazikusogea. Fedha inasukuma kile inachokipima, basi wewe msimamizi chunga sana unapima nini.

Ukikabidhiwa kituo, anza na mgawo. Ubandike ukutani, kila jina na kiasi chake, kabla shilingi haijatoka, na kikao kizima kiujadili. Sisi tulikubaliana nusu igawanywe sawa kwa wote, nusu nyingine ifuate zamu ambazo mtu aliingia kweli. Mabishano yalikuwa makali, yakaisha siku hiyohiyo. Na yule dada akaanza tena kubaki.

Kisha wapigie simu akina mama. Kila mwezi nilichagua majina kumi kitabuni na kuuliza mambo matatu: ulipimwa presha? Ulitozwa chochote? Dawa ulipewa, au ulitumwa dukani? Majibu niliyasoma kikaoni bila kutaja zamu ya nani. Mwanzoni watu waliinamisha vichwa. Baada ya miezi michache wauguzi wenyewe wakawa wanaulizia, "Mama zetu wamesemaje mwezi huu?"

Swali la dawa ndilo lililonipeleka kwenye bima. Wakati ule kaya ilikuwa inatoa shilingi 30,000 kwa mwaka ya CHF iliyoboreshwa, mfuko wa afya ya jamii, kwa watu sita, mtoto anaumwa, wanafika na kadi, dirishani wanaambiwa panadoli hakuna. Mwaka unaofuata hawalipi, na mimi siwalaumu. Kwetu dawa ziliisha kwa sababu madai yetu ya malipo kwa NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, yalikuwa yanakatwa kila mwezi: fomu haina saini ya mgonjwa, ugonjwa ulioandikwa hauendani na dawa, namba ya kadi imekosewa tarakimu moja. Huduma tumeshatoa, fedha ya kununulia dawa nyingine haiji.

Hapo usije ukamlipa mtu motisha kwa ukubwa wa madai, maana kila mafua yataandikiwa antibayotiki. Sisi tuliweka alama kwa fomu isiyorudishwa na NHIF. Kila Ijumaa baada ya kliniki watu wawili wanakaa, mmoja anasoma fomu kwa sauti, mwenzake ameshika kitabu cha wagonjwa wa nje na leja ya dawa. Isiyolingana inarudi kwa aliyeijaza, hapohapo, kabla hajavua koti.