Kukatwa utumbo au kusubiri dawa za kibayolojia: jibu kwa mama wa Likasi

Mama, umeuliza kama kijana wako akubali kukatwa sehemu ya utumbo kama daktari alivyopendekeza, au asubiri kwanza dawa za kibayolojia, yaani dawa zinazotengenezwa kwa chembe hai, ambazo jamaa zenu walioko Ubelgiji wanazisifu. Kama yeye, ninaishi na ugonjwa wa Crohn, yaani uvimbe wa kudumu wa utumbo, hapa Lubumbashi na nimepitia yote mawili. Kwangu, jambo la kwanza ni kujua kinachobana utumbo wake: ni uvimbe au ni kovu?

Infliximab, mojawapo ya dawa hizo, iliyoidhinishwa Marekani kwa ugonjwa huu mwaka 1998, huzuia TNF, protini inayochochea uvimbe mwilini. Ukuta wa utumbo uliovimba na kuchubuka huweza kutulia. Lakini uvimbe wa miaka ukishageuka kovu gumu, dawa haiwezi kuliyeyusha. Nilitundikiwa dripu kwa utaratibu wa kawaida, wiki ya 0, ya 2 na ya 6, kisha kila baada ya wiki 8. Kuharisha kulikoma na mwili ukarudi, ila kila nilipokula bukari (ugali) kwa sombe (majani ya muhogo) tumbo lilijaa, likanguruma, na jioni nikatapika. Skana ilionyesha kwamba mwisho wa utumbo mdogo umebana na sehemu iliyo juu yake imetanuka. Hapo palihitaji kisu.

Walikata kipande hicho pamoja na mwanzo wa utumbo mpana, wakaunga ncha mbili. Najua unaogopa mfuko wa kinyesi unaobandikwa tumboni. Mimi sikuwekewa, ingawa mgonjwa aliyedhoofika sana au mwenye usaha tumboni huweza kuwekewa, mara nyingi kwa muda tu. Wala upasuaji si wa walioshindikana pekee: utafiti wa Uholanzi na Uingereza uliotolewa mwaka 2017 ulilinganisha infliximab na upasuaji kwa wagonjwa ambao sehemu iliyougua ilikuwa fupi, chini ya sentimita 40, na baada ya mwaka mmoja hali ya maisha yao ilikaribiana.

Hata hivyo, kukatwa si kupona. Ugonjwa hupenda kurudi pale utumbo ulipoungwa, hasa kwa mvutaji wa sigara, ndiyo maana sasa ninajichoma pajani adalimumab, dawa nyingine inayozuia TNF. Sindano hii hutunzwa kwenye nyuzi 2 hadi 8, na SNEL, shirika la umeme la Kongo, wanavyokata umeme unajua. Ninaiweka ndani ya glasieri, yaani sanduku la barafu, nimeizungushia kitambaa ili isigusane na barafu, kwa kuwa ikiganda haifai tena. Vilevile, kipande kilichokatwa ndicho hufyonza vitamini B12, kwa hiyo huenda kijana akahitaji kuchomwa vitamini hiyo.

Jambo ambalo singelegeza hata kidogo ni kipimo cha kifua kikuu. Katika nchi yetu kifua kikuu cha tumbo ni cha kweli, hushika mahali palepale ambapo Crohn hupenda kukaa, na hata kwa kolonoskopia, yaani kamera inayoingizwa kwenye utumbo mpana, huweza kuwadanganya madaktari wazuri. Dawa inayozuia TNF ikitolewa kwa mtu mwenye vijidudu hivyo, hata kama vimelala, huweza kuviamsha vikasambaa mwilini. Homa ya ini aina ya B nayo ipimwe. Kabla ya kusaini karatasi yoyote, muulize daktari sehemu iliyobana ina urefu gani, kama kuna usaha, na kama vipimo hivyo viwili vimeshafanyika.