Maswali na Majibu: Notisi ya WhatsApp, Ukuta Ufuoni na Nyumba Bila Ardhi

Barua za safari hii zimetoka Malindi, Watamu na Diani, na nyingi zina kilio kimoja: mwekezaji amekuja, mpangaji hatakiwi tena. Zile zinazoanza na "nimeenda kwa chifu akaniambia nisubiri" nimeziweka kando karibu zote. Chifu hana mamlaka juu ya kodi ya duka, wala OCS, mkuu wa kituo cha polisi, hana, wala mheshimiwa diwani hana. Wakati unawasubiri, siku zako zinakwisha.

Nina mkahawa Malindi, mwaka wa tatu sasa, hatukuandikiana. Mwenye jengo amenitumia ujumbe wa WhatsApp nitoke mwisho wa mwezi, amemuuzia mwekezaji wa fleti. Nifanyeje?

Usitoke. Na usikae kimya.

Kwa kuwa hamkuandikiana, upangaji wako unalindwa na sheria ya Kenya ya wapangaji wa maduka, hoteli na mikahawa, Sura 301. Sheria hiyo inalinda upangaji usioandikwa, na pia ulioandikwa wa muda usiozidi miaka 5, au wenye kifungu cha kuvunja mkataba ndani ya miaka hiyo 5 bila kosa la mpangaji. Kumtoa mpangaji wa aina hii kunataka notisi katika fomu maalumu, yenye sababu zinazotambuliwa na sheria, na isianze kufanya kazi kabla ya miezi 2 tangu uipokee. WhatsApp ya "tafadhali hama" haifiki hapo.

Ila usijifariji kwamba notisi mbovu haina kazi. Mwenye nyumba mwenye wakili ataleta iliyo sawa wiki ijayo, na hapo ndipo wengi wanapozama. Ukiipokea, andika juu yake tarehe uliyoipokea. Ndani ya mwezi 1 mjibu kwa maandishi kwamba hukubali kutoka. Kisha, kabla ya ile tarehe ya kuondoka iliyotajwa, fungua shauri katika Jopo la Kodi za Majengo ya Biashara, lile linaloitwa BPRT. Ukishafungua, notisi inasimama mpaka jopo liamue. Usipofungua, notisi inapita hata kama sababu zake ni za uongo. Jopo laweza kumsikiliza aliyechelewa kwa sababu ya maana, lakini "nilikuwa nasubiri kikao kwa chifu" si sababu ya kuitegemea.

Kuuzwa kwa jengo hakuvunji upangaji. Mnunuzi anakununua pamoja na ukuta na paa. Akidai anataka kubomoa ajenge, atalazimika kuonyesha kwamba nia ipo kweli na kwamba kazi haiwezekani wewe ukiwa ndani. Muombe michoro iliyoidhinishwa na kaunti, leseni ya mradi kutoka NEMA, mamlaka ya mazingira, na ushahidi wa fedha. Mchoro wa rangi uliobandikwa kwenye bango la barabarani si idhini. Akibadili maneno aseme anataka kuendesha mkahawa mwenyewe, muulize alinunua lini: aliyenunua jengo chini ya miaka 5 iliyopita hawezi kutumia sababu hiyo.

Na kodi yako iwe imelipwa. Mpangaji mwenye malimbikizo ya miezi 2 amempa mwenye nyumba sababu ya bure.

Je, mkataba wa mdomo una nguvu?

Una nguvu. Nimelijibu swali hili mpaka basi. Soma jibu la juu.

Wakili wa mwenye nyumba ameniletea mkataba wa miaka 5 na miezi 3. Kwa nini isiwe 5 kamili?

Ili utoke nje ya Sura 301. Hakuna siri hapo. Ile miezi 3 ndiyo inayokuondolea jopo, notisi ya miezi 2 na sababu za kisheria. Mkigombana mtaongozwa na karatasi mliyotia sahihi.

Si lazima uukatae. Kwa mtu anayeweka jiko la gesi, kisima cha maji na paa jipya la makuti, muda mrefu una faida. Lakini dai kodi iandikwe itakavyopanda kila mwaka, haki ya kuongeza muda iandikwe, na iandikwe pia nani anabaki na vitu ulivyojenga. Mkataba wa zaidi ya miaka 2 husajiliwa katika ofisi ya ardhi, na ushuru wa stempu kwa mkataba unaozidi miaka 3 ni asilimia 2 ya kodi ya mwaka. Watu hukwepa ushuru huo, kisha jengo likiuzwa wanashangaa mnunuzi akisema hakuona mpangaji yeyote kwenye rejista.

Nimempa mpangaji anayehama gudwili ya shilingi 350,000 aniachie duka la vinyago. Sasa mwenye jengo anasema hanijui.

Kweli hakujui. Gudwili ni pesa kati yako na anayehama, na kama mkataba wake ulimkataza kumpa mtu mwingine duka bila ruhusa, umenunua kosa lake. Nenda kwa mwenye jengo leo na kodi ya mwezi mkononi, uombe akupokee kwa maandishi. Akikataa, unayemdai ni yule aliyehama, na huyo huenda yuko Mtwapa na simu imezimwa.

Kwa wengine ambao hamjalipa: pesa isitoke mfukoni kabla ya kuketi watu watatu, mwenye jengo, anayetoka na anayeingia, na karatasi moja yenye sahihi tatu. Tazama risiti ya mwisho ya kodi, bili ya maji na deni la stima. Bila hivyo utarithi madeni.

Nimechelewesha kodi mwezi mmoja na nusu. Nimekuta kufuli mpya mlangoni, na dalali wa mnada ananisubiri achukue friji.

Kufuli hiyo ni haramu. Katika upangaji unaolindwa, mwenye nyumba hafungi mlango kwa mkono wake, na dalali wa mnada hagusi mali kwa ajili ya kodi mpaka jopo limpe ruhusa. Muulize dalali amri yake iko wapi, ipige picha, soma namba ya shauri na jina la mpangaji. Kama hana, fungua malalamiko BPRT kwa hati ya dharura na uombe mlango ufunguliwe. Ambatisha picha ya kufuli, orodha ya vitu vilivyomo ndani, hasa samaki na nyama zinazooza, na ushahidi wa kodi uliyokwisha lipa.

Usivunje kufuli. Ukivunja, kesi ya kodi inageuka kesi ya polisi, na hapo wewe ndiye mshtakiwa. Na lipa hicho kidogo ulicho nacho; jopo huangalia mtu anayelipa kwa jicho jingine kabisa.

Tajiri amejenga ukuta umefunga njia tuliyopitia kwenda kuvua tangu enzi za babu zetu. Tumeambiwa kuna sheria ya mita 60 kutoka baharini. Si tuubomoe?

Msibomoe, na hizo mita 60 mziache kwanza, maana zimewaharibia watu kesi nyingi. Zinatoka kwenye kanuni za upimaji za mwaka 1994, na zinahusu ardhi ya serikali ambayo haijagawiwa: inapopimwa ili igawiwe, ukanda usiopungua mita 60 juu ya alama ya maji kujaa kwa kawaida hubakizwa. Ploti nyingi za ufuoni zina hati za zamani sana kuliko kanuni hiyo, na mipaka yake inashuka mpaka maji yanapofika. Mkienda mahakamani mkishika mita 60 peke yake, wakili wa tajiri atatoa hati ya zamani na kesi itaishia hapo.

Mlicho nacho chenye nguvu ni Katiba. Kifungu cha 62 kinasema ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma. Ukuta unaolambwa na maji umo ndani ya ardhi ya umma, hati iseme isemavyo. Malindi kuna jambo la ziada: mto Sabaki umeleta tope na mchanga, ufuo umepanuka kuelekea baharini, na wapo wanaousogeza ukuta kila mchanga unapoongezeka. Hapo chukueni sabeya, yaani mpima ardhi, mwenye leseni atafute bikoni, zile alama za mipaka ya ploti, na kupima umbali kati yake na ukuta. Picha pigeni wakati wa bamvua, maji yakiwa yamejaa, zikionyesha ukuta wote na tarehe.

Sasa njia yenyewe. Nendeni ofisi ya ardhi mtoe ramani ya eneo. Njia ikiwa imechorwa kama barabara ya umma, mtu binafsi hana uwezo wa kuifunga. Andikeni barua kwa kaunti na kwa Tume ya Kitaifa ya Ardhi, mkiambatisha ramani. Ikiwa haikuchorwa na ilipita ndani ya ploti ya mtu, bado hamjashindwa: matumizi ya wazi yasiyokatizwa kwa miaka 20, bila kuomba ruhusa, yanaweza kuzaa haki ya kupita. Mnachohitaji ni wazee wa kutoa ushahidi, tena wenye kumbukumbu za miaka, si wa kusema "tangu zamani".

Ukuta nao ni ujenzi, na ujenzi unataka kibali cha kaunti chini ya sheria ya mipango ya 2019. Bila kibali, faini yafika shilingi 500,000 au kifungo cha hadi miezi 2. Kaunti ikitoa uamuzi usiowaridhisha, rufaa kwa kamati ya maridhiano ya mipango ya kaunti ina siku 14 tu. Kama ni hoteli nzima yenye leseni ya NEMA, Jopo la Kitaifa la Mazingira linapokea rufaa ndani ya siku 60. Nimeona vikundi vikifanya maandamano mawili na mkutano na wanahabari, kisha vinamtafuta wakili siku ya 75.

Nyumba ya marehemu mama iko Malindi juu ya ardhi ya mtu, tukilipa kodi ya kiwanja. Ardhi imeuzwa na mnunuzi anakataa kodi yetu. Tumekaa zaidi ya miaka 12, si ardhi ni yetu?

Hapana. Miaka 12 inamsaidia aliyekaa kwenye ardhi ya mtu binafsi bila ruhusa ya mwenyewe. Nyinyi mlikuwa mnalipa kodi, na kulipa kodi ni kukiri kila mwezi kwamba ardhi ni ya mwingine. Wanaowaandikia madai hayo kwa ada ya shilingi elfu chache wanawala pesa.

Nyumba ni yenu, ardhi si yenu. Huo ndio utaratibu wa nyumba bila ardhi, ambao Pwani unajulikana kuliko unavyojulikana bara. Mnunuzi akikataa kodi msifurahie, kwa sababu anatafuta kuwafanya wavamizi. Tumeni kwa M-Pesa kila mwezi, na kwa ujumbe mtaje mwezi na namba ya ploti. Akirudisha, hifadhini ujumbe wa kurudishiwa. Kusanyeni risiti za mama hata zilizochanika.

Akitaka muondoke, atoe notisi ya maandishi isiyopungua miezi 3, nanyi mna nafasi ya kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi kabla haijaisha. Huo muda utumieni kupatana: ama awalipe thamani ya nyumba, ama awauzie kipande. Mkinunua, sabeya apime na hati itoke kwa jina la warithi, na kwanza mpate mirathi ya mama. Mwenye nyumba asiye na karatasi za mirathi hana anachouza wala anachodai.

Kaunti imevunja kibanda changu ufuoni na nina risiti ya mwaka mzima.

Risiti ile ni kibali cha kufanya biashara, haikupi ardhi. Na Sura 301 hailindi upangaji ambao serikali au kaunti ni upande mmojawapo, kwa hiyo BPRT usiende. Dai notisi uliyopaswa kupewa na fidia ya mali iliyoharibika, kupitia wakili, mkiwa kikundi.

Rafiki yangu Mtaliano anataka ploti ya safu ya pili Watamu, tuiandike jina langu. Kuna ubaya?

Upo, kwako na kwake. Tangu 2016 safu ya kwanza na ya pili kutoka baharini ni ardhi yenye masharti, na asiye raia anahitaji idhini ya maandishi ya waziri. Tena asiye raia hapati zaidi ya ukodishaji wa miaka 99, na kampuni huhesabiwa ya raia pale tu inapomilikiwa na raia watupu. Kuweka jina lako ni kujipa madeni ya ushuru wa kaunti, na siku ya kuuza kodi ya faida ya asilimia 15 itadaiwa kwako. Siku mkikosana, yeye atasema pesa ni zake, nawe utasema hati ni yako.

Baa ya ufuoni inapiga muziki mpaka alfajiri. Polisi wanasema ina leseni.

Leseni ya pombe haimpi mtu ruhusa ya kelele. Kanuni za kelele za 2009 zinaweka desibeli 35 usiku katika makazi, na usiku wa kanuni hizo unaanza saa 2 na dakika 1 jioni. Programu ya simu haitoshi. Omba afisa wa NEMA aje na kipimo chake. Leseni ya baa inapohuishwa, peleka pingamizi la maandishi.

Mwenye duka hanipi risiti.

Acha taslimu, lipa benki au M-Pesa. Sheria inamtaka awe na daftari la kodi na akupe nakala.

Mimi ndiye mwenye jengo, Diani. Mpangaji hulipa msimu wa kaskazi tu. Aprili hadi Juni hanipi kitu. Nimfunge mlango?

Umesoma jibu la kufuli hapo juu? Fomu ya notisi, sababu ya kuchelewesha kodi mara kwa mara, miezi 2, kisha jopo. Weka orodha ya kila mwezi aliochelewa na tarehe aliyolipa, kwa sababu "hulipa vibaya" bila tarehe haisikilizwi.

Lakini ufuoni kudai kodi sawa mwezi wa Mei na mwezi wa Desemba ni kujitafutia deni, maana masika yakinyesha hoteli zinafunga na mpangaji hana mteja. Kama jengo ni la shilingi 600,000 kwa mwaka, andikeni miezi 9 kwa 60,000 na Aprili, Mei na Juni kwa 20,000. Jumla ni ileile. Ukishaandika, usimpandishie Agosti kwa sababu umeona watalii wamejaa, maana kupandisha kodi nako kunataka fomu ileile na miezi 2 ileile.