Msiifute God Hand kabla mikono haijazoea

Juzi dogo mmoja kanitumia meseji, "kaka ile gemu ya God Hand unayoisifia kila siku ni ya hovyo, nimepigwa mpaka nimeifuta." Imenikuta wiki hiyohiyo nimeimaliza kwenye Hard, ile ambayo ugumu unakaa Level Die, yaani ngazi ya juu kabisa, mwanzo mpaka mwisho haushuki hata chembe, na nasema kwa fahari kabisa, nimeimaliza. Sasa namjibu hapa ili na wengine msome.

Mimi nimeijulia kibandani, PlayStation 2, enzi zile kila TV ina gemu ya mpira na watu wamejazana benchi wanasubiri zamu. Ukiomba uwekewe God Hand mwenye kibanda ananuna, wenzako wanaguna, "toa hiyo kitu wewe, weka mpira". Nimechekwa sana na bado inaniuma, maana wale waliokuwa wananicheka sikumuona hata mmoja akivuka steji ya kwanza. Ikabidi niwe naenda asubuhi kibanda kikiwa kitupu, hela ya chai yote inaishia huko.

Na si mtaani kwetu tu. Gemu imetoka 2006, imetengenezwa na Clover Studio chini ya Capcom, na aliyeiongoza ni Shinji Mikami, huyohuyo wa Resident Evil 4 ambayo dunia nzima iliisujudia mwaka mmoja kabla. Lakini IGN, mtandao wa kuchambua gemu, wakaipa 3 kati ya 10. Tatu jamani! Mwaka 2007 Clover ikafungwa, baadhi ya watu wake wakaenda PlatinumGames wakatoa gemu ya Bayonetta, ndipo watu wakaanza kurudi nyuma kuangalia walichokipita.

Tatizo la wengi ni kwamba wanaingia wanabonyeza kila kitufe. God Hand haina kitufe cha kublok, kuna analogi ya kulia basi, kile kijiti cha kusukuma kwa kidole gumba. Ngumi ya kichwa ikija unasukuma juu, Gene, yule unayemchezesha, anayumba kiunoni inapita. Ukisukuma chini anaruka sarakasi kwenda nyuma, kushoto na kulia anachepuka. Halafu kuna ile mita ya ugumu, ukikwepa na kupiga vizuri inapanda kutoka Level 1 mpaka Level Die na maadui wanazidi kuwa wakali, ukipigwa inashuka, ila ukiwaangusha ikiwa juu unalipwa hela zaidi mwisho wa steji. Kwa hiyo gemu inakupima kila sekunde, ukiona imekuwa ngumu ghafla jua umeanza kuiweza.

Na kombo, yaani mapigo ya mfululizo, unazipanga mwenyewe! Unanunua mapigo dukani, unayapanga kwenye kitufe cha mraba moja baada ya jingine, hili la kuvunja ulinzi, hili la kumalizia. Mimi nilikaa muda mrefu nahangaika na mpangilio wa mapigo matano tu mpaka ukanikaa mkononi, na hapo ndipo raha yenyewe ilipo, hakuna anayepigana kama wewe.

Sasa dogo, najua unachezea emuleta, ile programu ya kuigiza PlayStation, kwenye simu kwa kugusa kioo. Acha. Tafuta pedi yenye analogi mbili, hata mtumba, maana bila analogi ya kulia hiyo unayocheza siyo God Hand. Anza Easy, kaa steji ya kwanza usipige mtu, kwepa tu. Ukipigwa rudi ukwepe tena. Kizazi hiki mnataka gemu iwabembeleze, dakika tano haijawafurahisha mmefuta, halafu mnalalamika gemu zote zinafanana, zitaachaje kufanana wakati mnacheza zilezile zinazochezwa na kila mtu?

Ukiimaliza tafuta Urban Reign ya Namco, 2005, misheni 100, na Paul na Law, wapiganaji wa gemu ya Tekken, wamo humo ndani. Hiyo cheza na mwenzako, pedi mbili, na kwepa kwanza ndipo upige.