Re: Stagg wa futiboli na Stagg wa kikapu ni mtu mmoja?

Habari mkuu. Umekwama kwa sababu Amos Alonzo Stagg anatajwa kwenye futiboli ya Kimarekani na kwenye kikapu pia. Ni yuleyule. Alichezea futiboli Chuo Kikuu cha Yale, akaingia kikosi cha nyota wa 1889, kisha akawa mwalimu kwenye chuo cha YMCA huko Springfield pamoja na James Naismith, aliyebuni kikapu. Mechi ya kikapu ya Machi 1892 walimu wa hapo walichapwa na wanafunzi 5-1, na hilo moja alilifunga yeye! Chuo Kikuu cha Chicago alifundisha futiboli 1892 hadi 1932.

Angalia kwanza chuo na mwaka, maana mwanawe ana jina hilohilo. Mimi huwatenganisha kwa mwaka wa kuzaliwa: 1862 na 1899. Ukikuta Chuo Kikuu cha Susquehanna 1947 hadi 1952, hapo ni wote wawili. Mzee, kashavuka miaka 80, alifundisha pamoja na mwanawe.