Wadogo zangu mliotoka fomu siksi, DS siyo GS

Wiki iliyopita alama za testi ya kwanza ya DS (Development Studies, kozi ya wote hapa chuo) zilibandikwa kwenye ubao wa idara, mafresha wamejazana pale kama daladala ya Mbagala saa kumi na mbili jioni. Nikawa napita zangu kwenda semina. Dogo mmoja akaiona namba yake, mbele yake hakuna alama, kuna kistari tu. Mwenzake akamwambia "achana nayo, si DS tu hiyo" wakaondoka wanacheka. Nilishindwa kuendelea na safari jamani, nikawafuata mpaka kwenye vimbweta, yale mabenchi ya nje, nikawarudisha wote wawili, nikawaonyesha mlango wa mwalimu wa kozi. Walinishangaa sana, dada hatumjui anatushika mikono.

Sasa najua wako wengi kama hao na siwezi kuwafuata wote kwenye vimbweta, kwa hiyo naandika. Niko mwaka wa tatu, sosholojia, Dar, na ni CR, yaani mwakilishi wa darasa langu, tangu mwaka wa pili, kwa hiyo haya yote nimeyaona kwa watu wangu wa karibu.

1. Hapa hakuna kengele

A-level ulikuwa na kengele, paredi, mwalimu wa zamu, prepo, matroni anapita na tochi. Mkatoka hapo mkaenda JKT kwa mujibu wa sheria, yale mafunzo ya jeshi, afande anapiga filimbi saa kumi usiku mnaruka. Mwezi wa kumi mnafika chuo, kimya. Usipoingia lekcha wiki tatu hakuna atakayegonga mlango wako. Karatasi ya mahudhurio ukisainiwa na rafiki hakuna anayepiga kelele. Na huo ukimya ndio unawapoteza wengi, mtu anadhani kwa kuwa hajagombezwa basi mambo yake yako sawa. Chuo hakikugombezi mdogo wangu, chuo kinakuandikia tu, na unakuja kusoma ulichoandikiwa mwezi wa nane.

Rumeti wangu wa mwaka wa kwanza alikuja na divisheni wani ya pointi 4, binti mwenye kichwa kweli kweli, shuleni kwao alikuwa anaamka kabla ya kengele. Hapa akaanza kulala mpaka saa nne, anasema atapiga msuli UE, mtihani wa mwisho wa semesta, ikikaribia kama alivyokuwa anafanya NECTA, ule mtihani wa taifa, ikikaribia. Tatizo ni kwamba NECTA unaisubiri miaka miwili ila semesta ni wiki kumi na kitu tu, testi ya kwanza inakukuta bado unatafuta godoro. Alitoka salama lakini kwa sapu tatu, yaani mitihani mitatu ya kurudia, na ule mwaka alikonda mpaka mama yake akaja kumuona.

2. Sajili kozi zako kwenye mfumo mwenyewe, halafu printi ile fomu uitunze. Kozi ambayo hukuisajili hata ukiifanyia mtihani matokeo yake hayatokei. Shule ilikuwa inakusajilia kila kitu, hapa hakuna mtu huyo.

3. DS siyo GS

Hapa nitakaa maana hili lilinikuta mimi na sijawahi kuliandika popote.

A-level tulizoea GS, General Studies, ni ya kusindikiza. Pointi za divisheni zinatoka kwenye masomo matatu ya kombi, kwa hiyo GS unaisoma siku mbili kabla ya pepa. Unafika chuo unakutana na DS, kozi ya wote, mamia ya watu wa kila fani kwenye ukumbi mmoja, maiki inakwaruza, nyuma husikii kitu, unasema hii ndiyo GS nyingine. Siyo. DS ina krediti zake, yaani uzito wake, na krediti zinaingia kwenye GPA, wastani wako wa pointi, sawasawa na kozi ya fani yako ambayo unaiogopa. A ni pointi 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2, unazidisha na krediti za kozi, unajumlisha, unagawa kwa jumla ya krediti. Hesabu haiulizi kozi ilikuwa ya fani au ya wote.

Testi yangu ya kwanza ya DS ilikuwa Jumamosi asubuhi. Kitambulisho nilikuwa bado sijapewa, namba ya usajili niliiandika nyuma ya daftari, na daftari niliacha hosteli. Fomu siksi namba ya mtihani unaikuta imebandikwa kwenye meza, huku unatakiwa uwe nayo kichwani, na yenyewe ni ndefu. Nikaandika ninavyokumbuka. Nikageuza tarakimu mbili. Pepa lenyewe nilijibu vizuri tu, nilitoka nimefurahi.

Alama zilipobandikwa, kwangu kistari. Kwa chini kuna maandishi makubwa kabisa, mwenye tatizo amuone mwalimu wa kozi ndani ya wiki mbili. Nilisoma. Nilienda mpaka kwenye mlango wake, nikaona karatasi ya saa za kuonana na wanafunzi, ni siku ile ile na saa ile ile, na ndani nasikia anaongea. Nikaondoka. Sikuwa na dharura yoyote, niliogopa tu. Kwetu shuleni ukienda ofisi ya walimu kuulizia alama unaonekana una kiburi, unaweza kupigishwa magoti, na mimi nilikuwa mtoto mtulivu, najulikana kwa kutosumbua. Nikajiambia watarekebisha wenyewe. Wiki mbili zikapita. Nikajiambia si DS tu, nitafidia kwenye UE. Kosiweki, yaani testi na kazi za semesta, kwetu ni 40 na UE ni 60, na mimi testi nzima ya alama 15 nilikuwa nimeiacha ubaoni.

Matokeo yalipotoka nina 38, pasi ni 40. Sapu ya DS.

Mama alinipigia siku hiyo hiyo, alikuwa amesikia kwa mtoto wa jirani kwamba matokeo yametoka. Nikamwambia nimefaulu mama, yote. Alishukuru Mungu kwenye simu mpaka nikakata nikajifanya chaji imeisha. Mama yangu anauza vitumbua Morogoro, nauli ya kunileta chuo mwaka wa kwanza ilitoka kwenye kile kibubu chake cha mbao, na mwezi wa tisa nilipotakiwa kurudi Dar kufanya sapu nilimdanganya kwamba kuna semina ya chuo, akakivunja tena kibubu. Kipindi cha sapu bumu, ile hela ya mkopo ya kujikimu, halipo, ndugu zangu. Bodi ya Mikopo inalipa siku za masomo, sapu ni gharama yako mwenyewe, nauli, chakula, pa kulala. Nililala geto la rafiki, tumebanana watatu, nikipiga deshi mchana ili jioni nipate wali maharage.

Siku moja kabla ya mtihani ndipo nikapata ujasiri wa kugonga ule mlango. Madam alikuwa mama mtu mzima, mpole kupita maelezo, akaniambia kaa. Nikamweleza. Akainuka akavuta boksi la makaratasi ya testi, akawa anapekua moja moja, mpaka akatoa karatasi yangu, mwandiko wangu, namba imekosewa, juu pameandikwa 13. Kumi na tatu kati ya kumi na tano. Akaniangalia akasema, "Ungekuja muda ule ningekurekebishia hapo hapo umesimama. Sasa matokeo yameshapita Seneti." Hakunigombeza. Mpaka leo nadhani angenigombeza ingekuwa nafuu.

Sapu nilifaulu, lakini sapu hata ujibu vizuri vipi kwetu daraja la juu kabisa ni C. Mwaka ule nikafunga na GPA ya 3.4. Ile 38 ukiiongezea 13 inakuwa 51, ni B, na ningekuwa na 3.5, yaani apa sekondi, daraja la pili la juu, badala ya lowa, la chini. Tangu hapo kila semesta napanda mlima kuifidia ile C moja, kozi ambayo nilishajibu maswali yake na nikayapata.

Mama nilimwambia ukweli Krismasi. Alikaa kimya, akaniuliza swali moja tu, "Sasa huyo mwalimu ungemuuliza, angekupiga?"

Kwa hiyo ukiona kistari, ukiona alama haieleweki, ukiona namba yako haipo kabisa, nenda. Nenda siku hiyo hiyo, na kitambulisho, na barua fupi ya maelezo yako. Gonga, salimia, "shikamoo Dokta, naitwa fulani, namba yangu hii, alama yangu ya testi haionekani". Dakika tatu. Na namba ya usajili ikariri kama jina la baba yako.

4. Bumu

Nalisema kwa upendo: hiyo hela siyo zawadi. Sasa hivi chakula na malazi ni shilingi 10,000 kwa siku, linakuja kwa mkupuo wa kama siku 60, kwa hiyo unaona laki sita kwa mara moja, na wengi wenu hamjawahi kuona laki sita mkononi. Najua. Wiki ya kwanza naona sabufa zinapanda ngazi za hosteli, simu mpya, nywele za laki. Wiki ya sita hao hao wananiuliza, "CR, tarehe ya kusaini bumu lini?" Wanapiga pasi ndefu, chai saa tano basi mpaka kesho. Igawe siku ile ile inapoingia: michango ya chuo na hosteli kwanza, mchele, unga na maharage vya mwezi, nauli, kiasi kingine peleka akaunti ambayo haiko kwenye simu. Ya vitabu na viandikwa ni ya vitabu na viandikwa. Na siku ukiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara wako wa msingi inarudi Bodi kila mwezi mpaka deni liishe, kwa hiyo hata hiyo sabufa utailipa.

Kuna kaka mmoja wa darasa letu bumu la kwanza alimtumia mama yake nusu, akabaki anakula kwa wenzake semesta nzima. Sitasema alikosea, nyumbani kwao ndivyo hali ilivyokuwa, na wengi wetu hapa tuko hivyo. Ninachoomba ukituma nyumbani waambie pia kwamba hii ndiyo chakula chako, wajue. Nyumbani wengi wanaamini mkopo ni mshahara.

5. Madesa, zile notisi za waliotutangulia, ni ya kukumbushia, siyo ya kuanzia. Desa la mwaka juzi linaweza kuwa la mwalimu mwingine kabisa. Pasti pepa tafuta mapema, fanya kwa kuandika, siyo kwa kusoma majibu.

6. Kazi za grupu

Grupu la watu kumi, wanafanya wawili, majina yanaandikwa kumi. Mmezoea hivyo na mnaona ni ujanja. Halafu siku ya presentesheni mwalimu anamuinua yule ambaye hata kichwa cha kazi hakijui. Nimeiona hii semina hadi semina, na mwaka huu imeongezeka nyingine: mtu anachukua swali analipeleka ChatGPT, analeta majibu yana vitabu ambavyo havipo duniani. Mwalimu anauliza hiki kitabu umekiona maktaba gani, kimya. Bora ulete kurasa mbili ulizoandika mwenyewe kwa Kiingereza chako cha kuunga, maana Kiingereza kinanyooka kadiri unavyoandika, sote tulianza nacho hivyo hivyo, wale wa shule za kata ndio kabisa. Mimi ni wa shule ya kata.

Na kama grupu lako limekuangushia kazi yote, sema mapema, grupu bado linaweza kubadilishwa wiki ya pili. Usisubiri siku ya kukusanya uje kulia kwa CR.

7. Kuhusu CR

CR ni mwanafunzi kama wewe, ana testi kama wewe. Tangazo likiwekwa kwenye grupu la darasa soma mpaka mwisho kabla hujauliza "CR leo tunaingia wapi?", ukumbi umeandikwa hapo juu. Usiku wa manane usinipigie kuuliza kama testi ni kweli kesho. Lakini ukiwa umekwama kweli, huna hela ya kula, umepata msiba, umechoka na mambo yote kwa namna ambayo hata wewe unaiogopa, hapo nipigie muda wowote, ni bora niamshwe. Chuo kina mshauri wa wanafunzi na ofisi yake ipo wazi, nikikusindikiza haitakuwa mara yangu ya kwanza kumsindikiza mtu.

8. Ukiumwa siku ya testi

Usijikaze ukaingia unatetemeka kisha ukaja kudai ulikuwa unaumwa. Na usilale tu chumbani ukidhani wataelewa. Nenda zahanati ya chuo siku ile ile, kadi ya bima unayo, uliilipia, chukua karatasi ya daktari, toa kopi, peleka kwa mwalimu na kwa idara, na kopi yako ibaki kwako imegongwa muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri ni kama hukupeleka. Hapo utapewa testi maalumu na alama zako zinakuwa kamili.

Wale wa DS, ubao unasema mwisho wa marekebisho ni Ijumaa hii saa tisa na nusu. Mwenye kistari na anaogopa kwenda peke yake, Alhamisi saa nne asubuhi nitakuwa pale kwenye ngazi za idara, tutapanda wote.